Kompyuta za Msaada Shuleni: Za Mezani, Mpakato, Vishikwambi au Kompyuta Ndogo?

Vyama vya wahitimu, jumuiya za Watanzania waishio ughaibuni, vikundi vya makanisa na misikiti pamoja na wafadhili binafsi wanapokaa kupanga kupeleka kompyuta katika shule fulani ya sekondari nchini Tanzania, swali linalotangulia karibu kila kikao ni "Tutapata ngapi?" Swali hilo ni la haki, kwa kuwa uhitaji wa shule zetu ni mkubwa, lakini likitangulia huvuruga mengine yote. Kwa miaka niliyofundisha somo la kompyuta, na baadaye kusaidia shule kupokea na kufunga mashine za msaada, nimejizoeza kuanza na maswali mengine mawili: chumba kitapata umeme wa namna gani, na mashine ya kwanza ikizima itafunguliwa na nani? Majibu ya maswali hayo ndiyo yanayoonyesha aina ya mashine inayoifaa shule, na ndiyo niliyoyatumia katika ulinganisho huu.

Nimechukua mfano wa shule ya kutwa yenye chumba kimoja cha kompyuta, mwalimu mmoja wa somo, na mkondo wa wanafunzi 45 wanaoingia kwa vipindi viwili vilivyounganishwa, yaani dakika 80. Kukiwa na mashine 20, wanafunzi wawili au watatu hukaa kwenye mashine moja, na hali hiyo inafundishika: mmoja anaandika, mwenzake anamsomea maelekezo, kisha wanapokezana. Kukiwa na mashine 10, kila mwanafunzi hushika kibodi kwa dakika zisizozidi 18, na zikiwa 5 hashiki hata dakika 9. Kwa sababu hiyo nalenga mashine 20 zinazowaka mwaka mzima, jambo ambalo ni tofauti kabisa na mashine 20 zilizoandikwa kwenye leja ya stoo.

Wakati huu una fursa yake na hatari yake. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya kuihuisha Windows 10, na Windows 11 rasmi inadai mashine yenye kijenzi cha usalama cha TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha nane au zaidi. Ofisi nyingi za Ulaya na Marekani zimejikuta na kompyuta nzima, imara, ambazo haziruhusiwi kupanda kwenye mfumo huo mpya. Nyingi ya hizo zinatafuta pa kwenda, na shule za Afrika zimo katika orodha. Ni mashine nzuri ikiwa anayezipokea anajua atazifanyia nini.

Za mezani na mpakato

Uamuzi mgumu kwa kamati nyingi ni kati ya hizi mbili, kwa hiyo nitakaa hapa zaidi.

Kompyuta ya mezani iliyotumika ofisini, mathalani Dell OptiPlex, HP EliteDesk au Lenovo ThinkCentre, imeundwa ili ifunguliwe. Kifuniko hutoka kwa skrubu moja au kwa kubonyeza kitufe, RAM (kumbukumbu ya kazi) huchomolewa kwa vidole, na diski hutoka bila kugusa kitu kingine. Ikiwa mashine zote 20 ni za modeli moja, shule ina stoo ya vipuri ndani ya chumba chenyewe: diski ya iliyokufa pawa saplai inahamia kwenye iliyokufa diski, na mashine mbili mbovu zinazaa moja nzima. Kidato cha tatu niliowahi kuwafundisha waliweza kubadilisha RAM na kusafisha feni kwa brashi baada ya somo moja la dakika 80, na kazi hiyo iliwafundisha kuhusu kompyuta kuliko wiki nzima ya kunakili maelezo ubaoni. Kibodi ikimwagikiwa maji, inatupwa na kununuliwa nyingine kwa bei ndogo. Vifaa vya modeli hizi vinapatikana Kariakoo, na mafundi wa miji ya mikoani wanazifahamu.

Udhaifu wake ni umeme. Mashine ya namna hiyo pamoja na skrini bapa hula takribani wati 90. Mashine 20 zikiwashwa saa tano kwa siku zinatumia uniti 9, na kwa siku 22 za shule zinafika uniti 198. Kwa bei ya takribani shilingi 350 kwa uniti, hiyo ni karibu shilingi 69,000 kwa mwezi zinazotakiwa kuingizwa kwenye LUKU (mita ya umeme wa kulipia kabla) na mtu fulani, kutoka fungu fulani. Tena umeme ukikatika katikati ya kipindi, mashine zote huzima kwa pamoja na kazi ya wanafunzi hupotea. UPS (kisanduku cha betri ya kushika umeme ukikatika) moja kwa kila mashine ni gharama, na betri za UPS hufa mapema kuliko kompyuta zenyewe.

Mpakato hushinda hapo. Mpakato 20 za wati 30 zinatumia uniti 3 kwa siku, sawa na uniti 66 kwa mwezi, yaani shilingi 23,000 hivi. Umeme ukiondoka, betri inavusha kipindi, hata kama ni betri iliyochoka ya kushika dakika 40. Kwa shule isiyofikiwa na TANESCO tofauti ni kubwa zaidi: kwa jua la saa tano kamili kwa siku na upotevu wa theluthi moja hivi, mpakato 20 zinahitaji paneli za takribani wati 900, ilhali za mezani zinahitaji zaidi ya wati 2,500, pamoja na betri na inveta za kulingana nazo. Nimeona kamati zikipokea kompyuta za mezani bila malipo, kisha zikatafuta fedha za sola ambazo zingetosha kununua mpakato zilizotumika na chenji ikabaki.

Hata hivyo mpakato huumwa magonjwa yasiyotibika kirahisi. Tundu la chaja hulegea, bawaba ya skrini huvunjika, kibodi ikiharibika yabidi mashine nzima ifumuliwe, na betri za kununua mtaani mara nyingi ni za bandia. Kuna pia suala la wizi, ambalo wafadhili hawapendi kulisema. Mashine ya mezani ina uzito na waya, lakini mpakato huondoka ndani ya begi la daftari. Shule inayochagua mpakato inahitaji kabati la chuma, grili za madirisha, na daftari la kutoa na kurudisha linalosainiwa kila kipindi. Dakika za kugawa na kukusanya ziondolewe kwenye zile 80. Mimi huhesabu 15.

Jambo jingine linalopaswa kuulizwa kabla ya mpakato kusafirishwa ni kufuli za programu. Kampuni inapotoa mashine zake bila kuondoa nenosiri la BIOS (programu inayoiwasha mashine), au bila kuiondoa mashine kwenye mfumo wake wa usimamizi, shule hupokea kitu kinachowaka na kuuliza nenosiri ambalo hakuna aliyelijua. Chromebook, yaani mpakato zinazotumia mfumo wa Google, zina shida hiyo hiyo: isipoondolewa kwenye usajili wa taasisi ya mwanzo, hurudi kwenye usajili huo kila inapofutwa. Zaidi ya hapo, kila modeli ya Chromebook ina tarehe ya mwisho ya kuhuishwa iliyopangwa na Google, na mashine ya msaada mara nyingi huwa imeikaribia au imeipita.

Vishikwambi

Watanzania wengi walivizoea vishikwambi kupitia Sensa ya Watu na Makazi ya 2022, ambapo makarani walivitumia kukusanya taarifa, na baadaye vikapelekwa kwa walimu. Kwa mwalimu ni kifaa kizuri: anasoma muhtasari, anaandaa somo na kutunza kumbukumbu. Kwa chumba cha kompyuta cha sekondari sikishauri. Mwanafunzi atahitaji kuandika waraka, kujenga jedwali la hesabu, kupanga mafaili kwenye folda, na hatimaye kuandika programu fupi, na kazi hizo zote zinataka kibodi na skrini pana. Kioo kikipasuka, gharama ya kukibadilisha hukaribia bei ya kifaa kilichotumika, na betri imegandishwa kwa gundi. Nafasi yake ya kweli ni maktaba: vishikwambi 40 vya kusomea vitabu vinachajiwa kwa takribani uniti moja tu kwa siku.

Kenya ilipoanza mwaka 2016 kugawa vifaa vya kidijitali kwa shule za msingi za umma, kazi kubwa iliyotangulia ilikuwa kuzifikishia shule hizo umeme, na utaratibu huo ulikuwa sahihi. Mfano wa kutafakariwa zaidi ni ule wa mradi wa One Laptop per Child, uliotangazwa na Nicholas Negroponte mwaka 2005 kwa lengo la mpakato ya dola 100 kwa kila mtoto. Rwanda ni miongoni mwa nchi zilizoupokea. Nchini Peru, tathmini ya Benki ya Maendeleo ya nchi za Amerika iliyotolewa mwaka 2012 iliangalia shule za msingi za vijijini baada ya takribani miezi 15 ya kuwa na mashine hizo. Watoto walizitumia sana, lakini haikuonekana nyongeza ya alama katika hisabati wala lugha. Jambo hilo halinifanyi nikate tamaa na kompyuta shuleni. Linanifanya niulize, kabla ya kifaa chochote, somo gani litafundishwa nacho na nani amefunzwa kulifundisha.

Kompyuta ndogo

Raspberry Pi ilitoka tarehe 29 Februari 2012, ikiwa bodi yenye ukubwa wa kadi ya benki na bei ya dola 35. Mwaka 2020 ikaja Raspberry Pi 400, iliyojengwa ndani ya kibodi na kuuzwa dola 70. Ikiunganishwa na skrini bapa iliyotumika, mashine nzima inakula takribani wati 25, kwa hiyo hesabu yake ya umeme ni ndogo hata kuliko ya mpakato. Haina feni ya kuvuta vumbi, na mwizi wa kawaida haijui thamani yake. Kwa kufundishia programu na vifaa vya elektroniki sijaona kinachoizidi kwa bei hiyo.

Shida zake mbili ni za kweli. Kadi ya kumbukumbu inayobeba mfumo huharibika umeme unapokatika ghafla, kwa hiyo shule iwe na kadi za akiba zilizokwisha kunakiliwa na mwalimu anayejua kuzinakili. Pili, bodi ikifa haitengenezwi. Inaagizwa, na nje ya miji mikubwa kuagiza ni safari. Mpango mwingine unaofanana na huu, ulioenea katika shule za ukanda wetu, ni ule wa mashine moja yenye nguvu kuhudumia skrini kadhaa kupitia vijisanduku kama vya NComputing. Unaokoa fedha na umeme, lakini mashine mama ikilala, darasa zima limelala. Ningeukubali tu pale penye mashine mama ya pili iliyo tayari.

Kontena kutoka nje au mashine zilizokarabatiwa hapa

Nakumbuka mchana mmoja tuliofungua maboksi 30 ya kompyuta za mezani zilizotoka ng'ambo, mbele ya mkuu wa shule, bodi na wazazi waliokuja na nguo za sherehe. Nyuma ya baadhi ya pawa saplai kulikuwa na swichi ndogo nyekundu ya kuchagua volti, iliyosomeka 115. Kabla sijafika meza ya tatu, mwalimu mwenzangu alikuwa ameshachomeka yake kwenye soketi yetu ya volti 230. Ulisikika mlio mmoja mkavu, ukafuatwa na harufu ya plastiki iliyoungua. Akasema kwa sauti ya chini, "Fundi, hii ya kwetu inanuka." Mashine ile haikuwaka tena. Katika zile 30 kulikuwa na modeli 11 tofauti, kibodi sita za Kijerumani zenye herufi Z mahali pa Y, na waya za umeme za plagi ambazo hazikuingia popote. Zilizofaa kufundishia siku hiyo zilikuwa 14. Aliyezituma alikuwa na moyo mwema na alilipa nauli ya meli kutoka mfukoni mwake, na ndiyo maana ninayaandika haya.

Ushuru wa forodha wa kompyuta katika Jumuiya ya Afrika Mashariki ni asilimia 0, na hilo huwafanya wafadhili wengi wadhani mzigo utapita bila malipo. Bado kuna gharama za bandari, wakala wa forodha, ukaguzi, tozo ya kuhifadhi mzigo ukichelewa, na lori kutoka Dar es Salaam hadi shuleni. Suala la VAT liulizwe TRA (Mamlaka ya Mapato) kwa maandishi kabla kontena halijafungwa, kwa jina la shule au taasisi itakayopokea. Tena tangu tarehe 1 Januari 2025, marekebisho ya Mkataba wa Basel, unaosimamia taka zinazovuka mipaka ya nchi, yanataka taka zote za kielektroniki, ziwe hatarishi au la, zisivuke mpaka bila idhini ya nchi inayopokea iliyotolewa mapema. Kompyuta isiyowaka, isiyopimwa na isiyofungashwa vizuri inaweza kuhesabiwa kuwa taka, hata kama barua iliyoambatanishwa inaiita msaada.

Njia ya pili ni kuchanga fedha na kununua mashine zilizokarabatiwa katika kanda yetu. Computers for Schools Kenya, iliyoanzishwa mwaka 2002, ni mfano wa muda mrefu: hupokea mashine zilizotumika, huzikarabati, huwafunza walimu, na kutokana na kazi hiyo kilizaliwa kituo cha WEEE cha kushughulikia taka za kielektroniki. Camara Education ya Ireland, iliyoanza mwaka 2005, nayo ilijenga kazi yake kwa kukarabati mashine na kuzipeleka katika nchi kadhaa za Afrika zikiambatana na mafunzo ya walimu. Idadi ya mashine kwa fedha ile ile inaweza kuwa ndogo kuliko ya kontena. Hata hivyo zinakuja za modeli moja, zimepimwa, zina plagi yetu, kuna mtu wa kumpigia simu, na siku zikifa kuna pa kuzirudisha. Kwa shule moja au mbili, mimi huchagua njia hii bila kusita. Kontena lina maana kwa anayehudumia shule nyingi kwa pamoja, mwenye karakana, fundi wa kudumu na mpango ulioandikwa wa kupokea mashine zilizokufa.

Programu na maudhui

Kompyuta ambayo Windows 11 imeikataa inafanya kazi vizuri kwa Linux Mint au Ubuntu, mifumo endeshi ya bure, ikiwa na RAM ya GB 4 hadi 8 na diski ya SSD (isiyo na sehemu inayozunguka). Kubadilisha diski ya zamani kwa SSD ndiyo matengenezo yenye faida kubwa kuliko yote ninayoyajua: mashine iliyokuwa ikichukua dakika tatu kuwaka inawaka chini ya nusu dakika, na darasa linaanza kwa wakati. Walimu huniuliza kama mwanafunzi aliyejifunza LibreOffice, programu ya ofisi ya bure, ataweza Microsoft Word kwenye mtihani. Kanuni ni zile zile, ila menyu zinatofautiana, na mtihani hausubiri mtu azoee. Kwa hiyo hushauri mashine nne au tano zibaki na Windows kwa ajili ya kidato cha nne.

Kununua vifurushi vya intaneti kila mwezi ni mzigo ambao shule nyingi huutua muhula wa pili. Badala yake mashine moja ifanywe sava ya ndani yenye Kolibri, programu ya masomo ambayo ina sehemu ya Kiswahili, pamoja na Kiwix, programu ya kusomea yenye Wikipedia nzima isiyohitaji mtandao. Wanafunzi huzifikia kwa kebo au kwa Wi-Fi ya chumba bila kulipa senti.

Kuna kitu kidogo sana cha kuweka kwenye bajeti: betri ya saa, ya duara kama sarafu, aina ya CR2032. Katika mashine kuukuu huwa imekwisha, na kila umeme ukikatika kompyuta husahau tarehe na kurudi miaka mingi nyuma. Siku ya intaneti tovuti zote salama hukataa kufunguka, na wanafunzi huamini kuna kirusi. Nunua 20 kwa mkupuo mmoja.

Ningechagua nini

Shule yenye umeme wa TANESCO usiokatika mara kwa mara, chumba chenye grili na mji ulio karibu: za mezani 22 za modeli moja, mbili zikiwa za vipuri, zilizokarabatiwa katika kanda hii, zenye SSD. Shule yenye umeme wa kukatika ovyo au yenye sola: mpakato 20 za modeli moja, kabati la chuma, na chaja tano za ziada, kwa sababu chaja ndizo huanza kufa. Shule yenye mwalimu anayependa programu na elektroniki, hata kama umeme ni haba: kompyuta ndogo 20 na skrini zilizotumika, pamoja na kadi za akiba. Vishikwambi vibaki kwa walimu na maktaba.

Katika kila hali ningetenga asilimia kumi na tano ya fedha zote kwa matengenezo na LUKU ya mwaka wa kwanza, na ningeomba bodi ya shule iandike jina la mtu atakayeshika bisibisi. Ikiwa jina hilo halipo, ningepunguza mashine hadi 15, na fedha za zile tano nimlipie mwalimu mmoja, pamoja na msaidizi wake wa maabara, wiki mbili za mafunzo ya ukarabati kwa fundi wa mjini, kabla ya boksi la kwanza kufunguliwa.